Jinsi ya kupiga hesabu ya kapasiti ya rilei yenye antena nyingi, kuanzia mchoro mpaka Mbps

Tatizo la rilei, yani kifaa kinachopokea mawimbi ya mnara na kuyatuma tena mbele, ni kwamba kwenye karatasi inapendeza sana. Unachora mnara, unachora kijiji nyuma ya mlima, katikati unaweka kiboksi chenye antena mbili, mishale miwili mitatu, kila mtu anakubali, halafu ukifungua ripoti unakuta mtu kaandika "kapasiti imeongezeka maradufu" na haonyeshi imeongezeka kutoka wapi kwenda wapi. Ukweli ni kwamba rilei inaweza kukuongezea spidi mara kumi na zaidi, na rilei hiyohiyo ukiiweka sehemu nyingine inakupunguzia spidi uliyokuwa nayo bure, na hutajua ni lipi limekupata mpaka upige hesabu. Kwa hiyo hapa tunapiga hesabu, mfano mmoja tu, namba zilezile mwanzo mpaka mwisho, kalkuleta inatosha kwa sehemu kubwa na mwishoni kuna skripti fupi ya Python.

Kwanza nani kafanya nini, haraka haraka maana utaulizwa kwenye presentesheni. Shannon 1948 ndo katupa kapasiti ya chaneli moja, yani spidi kubwa kabisa ya data inayoweza kupita bila makosa. Van der Meulen 1971 akaleta chaneli ya watu watatu, yani anayetuma, anayesaidia na anayepokea. Cover na El Gamal 1979 wakaja na mbinu ambazo mpaka leo ndo tunazitumia pamoja na ukomo wa juu wa kapasiti. Upande wa antena nyingi ni Foschini na Telatar pale Bell Labs miaka ya 90. Kuchanganya hivyo viwili, rilei na antena nyingi, kukapamba moto baada ya 2000, na kwenye simu tumeona rilei ikiingia rasmi kwenye LTE (4G) Release 10 halafu ikarudi kwa nguvu zaidi kwenye 5G Release 16 kwa jina la IAB, ambapo mnara mdogo unapata data yake kwa redio kutoka mnara mkubwa badala ya faiba. Basi, historia imetosha.

Hatua ya 1: andika namba kabla ya kugusa fomula yoyote

Mtandao wetu wa mfano: mnara wa 1800 MHz, bendi ina upana wa 10 MHz, nguvu 43 dBm (desibeli juu ya miliwati 1) ambayo ni kama wati 20, antena ya mnara ina geini 15 dBi, yani inavyoongeza nguvu kwa kuielekeza upande mmoja. Kijiji kiko mita 2400 kutoka kwenye mnara na katikati kuna mlima unaokula desibeli 20 za ziada. Rilei tunaipandisha juu mlimani mita 2000 kutoka kwenye mnara, inaona pande zote mbili, kutoka hapo mpaka kwenye simu ni mita 400. Rilei inatuma kwa 30 dBm, wati 1, antena zake geini 8 dBi. Simu geini 0.

Halafu amua kitu kimoja ambacho wengi wanakiruka: rilei inasikiliza na kuongea kwa wakati mmoja au kwa zamu? Kwenye masafa yaleyale rilei ya kawaida inafanya kwa zamu, manake ikituma yenyewe inajiziba masikio, nguvu inayotoka kwenye antena yake ni kubwa kuliko ile dhaifu inayotoka mnarani kwa mabilioni ya mara. Sisi tunachukua zamu. Hiyo "zamu" itatukata nusu ya kila kitu na ndo roho ya hesabu nzima, ukiisahau namba zako zote zitakuwa mara mbili ya ukweli.

Hatua ya 2: kutoka mita kwenda SNR

SNR ni nguvu ya ujumbe ukilinganisha na noizi, yani kelele za redio. Noizi: −174 dBm kwa kila Hz, ongeza 70 kwa sababu bendi ni 10 MHz, ongeza 7 za risiva yenyewe, unapata −97 dBm. Kwa urahisi nimeweka 7 kwenye rilei na kwenye simu pia.

Upotevu wa njia: kwenye mita 1 kwa 1800 MHz ni kama 37.6 dB, baada ya hapo ongeza 10 × n × log10(d), d ni umbali kwa mita, n inaonyesha mawimbi yanafifia haraka kiasi gani kwa umbali, n yetu ni 3.2.

Mnara mpaka rilei: 37.6 + 32 × log10(2000) = 143.2 dB. Kinachopokelewa ni 43 + 15 + 8 − 143.2 = −77.2 dBm, toa noizi unabaki na SNR ya 19.8, tuite 20 dB, yani mara 100.

Rilei mpaka simu: 37.6 + 32 × log10(400) = 120.9 dB. 30 + 8 − 120.9 = −82.9 dBm, SNR ni 14 dB, yani mara 25.

Mnara mpaka simu moja kwa moja: 145.8 pamoja na 20 za mlima ni 165.8. 58 − 165.8 = −107.8 dBm, SNR −10.8 dB, yani 0.083. Na hii nyingine iandike pembeni usiipoteze: kama mlima usingekuwepo SNR ingekuwa 9.2 dB, mara 8.3.

Hatua ya 3: piga kwanza kwa antena moja moja

Najua unataka kukimbilia matriksi, subiri. Fomula ni log2(1 + SNR), jibu ni biti kwa sekunde kwa kila Hz, ukizidisha na 10 unapata Mbps kwa bendi yetu.

Kipande cha kwanza, mnara mpaka rilei, log2(101) = 6.66, tuite C1. Kipande cha pili, rilei mpaka simu, log2(26) = 4.70, tuite C2. Rilei inayofasiri ujumbe kisha kuutuma upya, ile wanayoiita DF, inabanwa na kipande kilicho dhaifu na inatumia nusu ya muda kwa kila kipande, kwa hiyo 0.5 × 4.70 = 2.35, yani 23.5 Mbps. Moja kwa moja kupitia mlima ni log2(1.083) = 0.115, yani 1.15 Mbps. Hapo rilei imeshinda mara 20, hakuna ubishi.

Sasa toa mlima. Moja kwa moja inakuwa log2(9.3) = 3.22, yani 32 Mbps. Rilei bado ni 23.5. Umenunua kifaa, umekipandisha mlimani, umekilipia umeme, na umepunguza spidi kwa karibu Mbps 9! Hata ukigawa muda kwa akili badala ya nusu kwa nusu, fomula yake ni C1 × C2 / (C1 + C2), unapata 2.76, bado chini ya 3.22. Kwa hiyo kila utakapoandika kapasiti ya rilei, pembeni yake weka namba ya njia ya moja kwa moja yenye antena zilezile. Bila hiyo namba ya pili, namba ya kwanza haimwambii mtu kitu.

Hatua ya 4: ingiza antena mbili mbili

Mnara antena 2, rilei 2, simu 2. Chaneli sasa ni matriksi, H1 kwa kipande cha kwanza na H2 kwa cha pili, na kapasiti ya kila kipande kama mtumaji hajui chaneli na anagawa nguvu sawasawa ni

C = log2 det( I + (SNR/Nt) H H* )

ambapo I ni matriksi yenye 1 kwenye mshazari na 0 kwingine, Nt ni idadi ya antena za kutuma na H* ni H iliyogeuzwa safu kuwa nguzo na alama ya sehemu ya j (ile ya namba changamano) ikabadilishwa. Watu wanaiogopa hii ditaminanti bure. Kwa 2 kwa 2 kuna njia ya mkato: ukiita a = SNR/2, basi

det = 1 + a × (jumla ya miraba ya namba zote nne za H) + a² × (ditaminanti ya H, mraba)

Hivyo tu. Namba ya kwanza inakuambia chaneli ina nguvu kiasi gani kwa ujumla, ya pili inakuambia kama mikondo miwili ya data inaweza kutenganishwa au imeungana kuwa kitu kimoja.

Chukua H1 = [1.2 0.6; 0.4 1.4], nukta mkato inatenganisha safu. Kwenye maisha halisi zina sehemu ya j pia, hapa nimeziacha halisi ili kalkuleta isikusumbue. Miraba: 1.44 + 0.36 + 0.16 + 1.96 = 3.92. Ditaminanti: 1.68 − 0.24 = 1.44, mraba wake 2.0736. SNR 100, a = 50. det = 1 + 196 + 5184 = 5381, log2 yake ni 12.39. Ukilinganisha na 6.66 ya antena moja, karibu mara mbili. Hapo antena nyingi zimefanya kazi yake.

Kipande cha pili H2 = [1 0.9; 0.8 1.1]. Kwa macho haionekani mbaya, miraba yake inafika 3.66, karibu sawa na H1. Ila ditaminanti ni 1.1 − 0.72 = 0.38, mraba 0.1444. SNR 25, a = 12.5. det = 1 + 45.75 + 22.56 = 69.3, log2 ni 6.12. Kama kipande hiki kingekuwa na matriksi nzuri kama H1 kwa SNR ileile ya 25, kingetoa 8.55. Biti mbili na nusu zimepotea na wala sio kwa sababu ya umbali wala nguvu, ni kwa sababu safu mbili za H2 zinafanana mno, risiva inashindwa kujua mkondo upi ni upi.

Hii inatokea sana kwenye rilei na ina sababu za kawaida kabisa. Antena zimebanana, kwenye 1800 MHz wimbi lina urefu wa sentimita kama 16.7 kwa hiyo chini ya sentimita 8 hivi kati ya antena na antena unaanza kujitafutia matatizo, na kwenye rilei zenyewe weka mbali zaidi ya hapo maana juu ya nguzo mawimbi yanakuja kutoka pembe nyembamba. Au rilei na simu zinaonana uwanda mtupu, hakuna majengo wala miti ya kurudisha mawimbi, antena zote zinapokea kitu kilekile. Dawa inayofanya kazi mara nyingi ni kutumia antena za polaraizesheni mbili, moja imelala upande huu nyingine upande ule, zinatenganisha mikondo hata kama hakuna mwangwi.

Hatua ya 5: unganisha vipande, rilei inayofasiri

DF na zamu sawa: 0.5 × min(12.39, 6.12) = 3.06, yani 30.6 Mbps. Angalia hapo, kutoka antena moja kwenda mbili tumetoka 23.5 kwenda 30.6 tu, wakati kipande cha kwanza kimekaribia mara mbili. Kipande cha kwanza kina nguvu ambayo haitumiki.

Kwa hiyo gawa muda. Sehemu ya kipande cha kwanza iwe C2/(C1+C2) = 6.12/18.51, kama asilimia 33, cha pili kipewe asilimia 67. Kapasiti ni 12.39 × 6.12 / 18.51 = 4.10, yani 41 Mbps. Umeongeza Mbps 10 bila kununua chochote, na mtu akikuletea paper yenye nusu kwa nusu muulize kwa nini nusu.

Mlinganisho sasa, antena mbili mbili kwa zote. Moja kwa moja kupitia mlima, tukikopa H1, inatoa 0.22, yani 2.2 Mbps. Bila mlima inatoa 5.73. Umeona? Bado bila mlima rilei inapoteza, 4.10 kwa 5.73. Antena nyingi zimesaidia kote kote, hazijabadilisha mshindi.

Hatua ya 6: rilei inayokuza tu

Aina ya pili, AF, haifasiri kitu. Inapokea, inakuza, inarusha. Ni rahisi, haicheleweshi sana, ila inakuza na noizi yake pamoja na ujumbe. Hapa ndo wengi wanakosea fomula kwa hiyo nenda taratibu nami.

Weka noizi ya kila risiva iwe 1. Rilei inapokea H1 x + n1, x ni ujumbe wa mnara, n1 ni noizi ya rilei. Nguvu yote iliyopokelewa ni 50 × 3.92 + 2 = 198, zile 2 za mwisho ni noizi ya antena mbili. Rilei inaruhusiwa kutuma nguvu 25, kwa hiyo kikuzaji α = 25/198 = 0.1263. Ukiandika 25/196 umesahau kwamba noizi nayo inakula nguvu ya rilei. Kwa SNR kubwa hutaona tofauti, kwa SNR ndogo itakuumbua.

Simu inapokea vitu vitatu: ujumbe uliopita H2 H1, noizi ya rilei iliyopita H2, na noizi yake yenyewe. Noizi mbili hizo zinaunda matriksi R = I + α H2 H2*, ambayo haina usawa tena, ina upande wenye noizi nyingi na upande wenye noizi kidogo. Ujumbe unaunda S = 50 α H2 H1 H1* H2*. Kapasiti ni

C = 0.5 × log2 [ det(R + S) / det(R) ]

Namba: H2 H1 = [1.56 1.86; 1.40 2.02]. det(R) = 1 + α × 3.66 + α² × 0.1444 = 1.464. det(R + S) inatoka 89.2. Gawanya, 60.9. log2 ni 5.93, nusu yake 2.96. Yani 29.6 Mbps, chini kidogo tu ya DF ya nusu kwa nusu.

Kwa hiyo mtu akisema DF inaizidi AF kwa mbali, mwambie sio kwenye namba hizi. Ila AF haina ule uhuru wa kugawa muda. Inarusha kile ilichosikia, sampuli kwa sampuli, ikisikiliza sekunde moja lazima iongee sekunde moja. DF inaweza kusikia kwa asilimia 33 ya muda na kutuma kwa asilimia 67 kwa sababu inaandika ujumbe upya kwa mtindo wake. Hapo ndo 41 inaiacha 29.6 mbali. Kama rilei yako ni kikuzaji cha bei rahisi usiiwekee kapasiti ya kugawa muda kwenye ripoti.

Ipo na ya tatu, inayobana kile ilichosikia na kukituma kama data bila kukielewa. Hiyo inalipa pale simu inapousikia mnara pia kwa kiasi kizuri na rilei iko karibu na simu. Mfano wetu una mlima, simu haisikii mnara, tuiache.

Hatua ya 7: nguvu ipelekwe kwenye mkondo unaolipa

Mpaka hapa mtumaji amegawa nguvu sawasawa maana hajui chaneli. Kama rilei inazijua taarifa za chaneli ya mbele yake, ivunje H2 kwa SVD, hesabu inayogawa matriksi kuwa mizunguko miwili na vikuzaji katikati (H = U D V*), upate mikondo yake halisi. Geini za mikondo miwili ya H2 ni 3.62 na 0.04. Wa pili ni kama haupo! Halafu tumia ile kanuni ya kumimina maji, yani geini zikigeuzwa juu chini zinakuwa kina cha sakafu, 0.28 na 25.07, unamimina nguvu 25 inajaza kwanza bonde la chini, na maji yakivuka kidogo tu usawa wa la pili ndo yanaisha. Mkondo dhaifu unapata 0.1 tu kati ya 25.

Kipande cha pili kinakuwa log2(1 + 25 × 3.62) = 6.52 badala ya 6.12. DF na muda uliogawanywa inapanda kutoka 4.10 mpaka 4.27. Kwa AF, kama mnara na rilei wote wakikubaliana kutumia mkondo mmoja tu wenye nguvu, inapanda kutoka 2.96 mpaka 3.08. Sio kubwa, na taarifa za chaneli zina gharama, simu lazima ipime na kurudisha ripoti kila mara huku mtu anatembea. Mimi kwa faida ya asilimia 4 nisingejisumbua. Kwenye SNR ndogo ni habari nyingine, pale kumimina maji kunalipa vizuri.

Kwa AF kuna jambo moja la kujua: rilei bora inaunganisha mkondo wenye nguvu wa kipande cha kwanza na ule wenye nguvu wa kipande cha pili, wa kwanza na wa kwanza, wa pili na wa pili. Ndo umbo la G = V2 D U1*, ambapo G ni matriksi ambayo rilei inazidisha kile ilichopokea, U1 inatoka kwenye SVD ya H1, V2 kwenye SVD ya H2, na D hapa ni vikuzaji vya rilei kwa kila mkondo. Kwenye matriksi zetu mikondo ilikuwa imelingana yenyewe kwa hiyo kuzungusha hakukuongeza kitu, kwenye matriksi za kubahatisha utaona tofauti.

Hatua ya 8: chaneli haikai palepale

Matriksi moja ni picha moja. Chaneli ya simu inabadilika mtu akigeuka tu, kwa hiyo unataka wastani, na unataka pia kujua mambo yakiharibika yanaharibika kiasi gani. Ukichukulia mawimbi yanatawanyika vizuri, modeli ya Rayleigh, geini ya antena moja inashuka chini ya sehemu moja ya kumi ya wastani wake kwa asilimia 9.5 ya muda. Sasa njia yako ina vipande viwili na vyote lazima viwe vizima, kwa hiyo uwezekano wa angalau kimoja kushuka hivyo ni asilimia 18. Rilei imekupa njia fupi lakini imeongeza sehemu za kukatika. Antena nyingi kwenye rilei kazi yake kubwa kwa maoni yangu ni hii zaidi kuliko spidi, antena zote kufifia kwa pamoja ni nadra.

Skripti:

```
import numpy as np
rng = np.random.default_rng(7)

def chaneli(nr, nt):
    a = rng.standard_normal((nr, nt))
    b = rng.standard_normal((nr, nt))
    return (a + 1j*b) / np.sqrt(2)

def kapasiti(H, snr):
    nr, nt = H.shape
    A = np.eye(nr) + (snr/nt) * H @ H.conj().T
    return np.linalg.slogdet(A)[1] / np.log(2)

def af(H1, H2, s1, s2):
    nr, nt = H1.shape
    X = (s1/nt) * H1 @ H1.conj().T
    alfa = s2 / np.trace(X + np.eye(nr)).real
    R = np.eye(H2.shape[0]) + alfa * H2 @ H2.conj().T
    S = alfa * H2 @ X @ H2.conj().T
    d = np.linalg.slogdet(R + S)[1] - np.linalg.slogdet(R)[1]
    return 0.5 * d / np.log(2)

df_zote, af_zote = [], []
for i in range(10000):
    H1, H2 = chaneli(2, 2), chaneli(2, 2)
    df_zote.append(0.5 * min(kapasiti(H1, 100), kapasiti(H2, 25)))
    af_zote.append(af(H1, H2, 100, 25))

print(np.mean(df_zote), np.percentile(df_zote, 10))
print(np.mean(af_zote), np.percentile(af_zote, 10))
```

Kabla hujaiamini, ilishe H1 na H2 zetu za juu. Lazima itoe 12.39, 6.12 na kwa AF 2.96. Ikitoa tofauti umekosea mahali, kagua kwanza kama SNR umeingiza desibeli badala ya mara. Nimetumia slogdet badala ya det kwa sababu ukienda antena 16 au 64 ditaminanti inakuwa namba kubwa mpaka kompyuta inachanganyikiwa.

Namba ya kwanza ya kila mstari ni wastani, ya pili ni kapasiti ambayo unaipata au kuizidi kwa asilimia 90 ya muda. Ya pili ndo mteja anaihisi. Na ona nilipoweka min: ndani ya kitanzi. Wastani wa min na min ya wastani ni vitu viwili tofauti, ya pili siku zote ni kubwa au sawa. Ukiweka min nje maana yake unasema rilei ina bafa kubwa, inahifadhi data chaneli ya mbele ikiwa mbovu na kuitoa ikipona, na mteja haoni shida kusubiri. Kwa kupakua faili sawa. Kwa kupiga simu, hapana.

Hatua ya 9: pima na ukomo wa juu

Mbinu yako imetoa 4.1, je ni kidogo au ndo mwisho wa uwezo? Ukomo wa Cover na El Gamal unasema kata mtandao sehemu yoyote, taarifa inayopita kwenye mkato haiwezi kuzidi uwezo wa mkato huo. Mkato wa kwanza unazunguka mnara, wa pili unazunguka simu. Kama njia ya moja kwa moja haipo na ratiba ya zamu imepangwa kabla, mkato wa kwanza ni t × C1 na wa pili ni (1 − t) × C2, t ikiwa sehemu ya muda ya kipande cha kwanza, na ukitafuta t bora unarudi kwenye fomula yetu ileile ya C1C2/(C1+C2), mradi C1 na C2 zenyewe zimeshamiminiwa nguvu vizuri. Yani nyuma ya mlima DF ya muda uliogawanywa imeshafika ukingoni, usipoteze wiki kutafuta mbinu kali zaidi. Njia ya moja kwa moja ikiwa na nguvu ndo pengo linafunguka.

Hatua ya 10: ukitaka rilei nyingi

Fupi tu. Bölcskei, Nabar, Oyman na Paulraj walionyesha 2006 kwamba mnara na mpokeaji wakiwa na antena M kila mmoja na katikati kuna rilei K zinazokuza kwa pamoja huku zikijua chaneli zao, kapasiti inakua kama (M/2) log2 K, K ikiwa kubwa. Kwa M = 2, ukitoka rilei 8 kwenda 16 unaongeza kama biti 1 kwa kila Hz, kwetu sisi Mbps 10. Rilei 8 mpya kwa Mbps 10! Na lazima zote zirushe kwa fezi inayolingana, kazi ngumu hiyo. Ile nusu haiondoki, bado ni zamu.

Hatua ya 11: sogeza rilei

Hii ingekuwa ya kwanza kama watu wangekuwa na subira. Rudi hatua ya 2, badala ya mita 2000 na 400 weka 2200 na 200. SNR ya kipande cha kwanza inashuka kutoka 20 mpaka 18.4 dB, ya pili inapanda kutoka 14 mpaka 23.8 dB. Matriksi zilezile, H2 ileile mbovu, nguvu zilezile. Kipande cha kwanza kinatoa 11.35, cha pili 11.30. DF ya nusu kwa nusu, bila kugawa muda, bila kumimina maji: 5.65, yani 56.5 Mbps. Tulikuwa 30.6. Mita 200 zimetupa zaidi ya SVD, kumimina maji na kugawa muda kwa pamoja. Ukienda mbele mpaka 2300 na 100 inaanza kushuka, 5.48, kwa sababu sasa kipande cha kwanza ndo kinabana.

Ila hesabu hiyo inachukulia kwamba kule mita 2200 rilei bado inauona mnara. Ukisogea mita 200 kuelekea kijijini kuna uwezekano umeshaanza kushuka upande wa pili wa mlima, na ukiingia kwenye kivuli zile desibeli 20 zinakuja na kwako: SNR ya kipande cha kwanza inakuwa −1.6 dB, kapasiti yake 1.38, nusu yake 0.69, na zile Mbps 56 zinakuwa 7. Kwa hiyo chukua ramani ya miinuko, chora mstari kutoka kwenye antena ya mnara mpaka kila sehemu unayofikiria kuweka nguzo, zifute zote ambazo mstari unagusa ardhi, halafu zilizobaki zipitishe kwenye skripti moja moja, kila moja na simu zilizotawanywa kijiji kizima maana watu hawakai wote mita 200 kutoka kwenye nguzo.